Matundu Kando ya Misuko ya Sweta: Yanatoka Wapi, na Tunayafungaje?

Mwezi wa sita umeshaingia, na kila aliyekaa hapa Dzaleka hata mwaka mmoja anajua maana yake. Huku Dowa ni juu. Jioni upepo unaanza, na asubuhi watoto wanakwenda shule wameingiza mikono ndani ya shati. Wenzetu waliotoka Uvira na Baraka, kando ya ziwa, ndio wanaoshangaa zaidi, maana kule sweta ilikuwa nguo ya mtoto mchanga tu. Wa Minembwe na wa Bukavu wanacheka, wao baridi wanaijua.

Basi huu ndio msimu wa sindano. Ukipita kati ya nyumba saa za mchana utaona mama amekaa mlangoni penye jua, donge la uzi liko ndani ya ndoo lisigaagae vumbini, mikono inakwenda na mdomo unakwenda. Na siku hizi wateja hawataki tena sweta tupu. Wanataka ile yenye misuko kifuani, inayopanda kama nywele zilizosukwa, na kwa misuko wanakubali kuongeza kwacha.

Lakini hapo ndipo taabu inapoanza. Mnunuzi anaishika sweta, anaiinua kuelekea mwanga, na kando ya msuko anaona mstari wa vitundu toka kiunoni mpaka shingoni. Anasema, "Mama, hii imelegea," na bei inashuka papo hapo, au anaiacha kabisa. Kazi ya wiki mbili hiyo. Na uzi mara nyingi ulichukuliwa kwa deni. Mfumaji anarudi nyumbani akisema mkono wake ni mbaya. Si kweli. Matundu yale yana sababu, na ukiijua sababu unayafunga, mengine kabla hayajatokea, mengine hata baada ya sweta kwisha.

Kwanza tuelewane maneno

Kufuma kila mtu alijifunza kwake, kwa hiyo majina yanagongana. Waliofundishwa kwa Kifaransa wana majina yao, waliopitia Kenya wanasema pleni na peli. Hapa tutasema hivi: kitanzi cha mbele ni kile kinachoonekana kama herufi V, na unapokifuma uzi unakaa nyuma ya sindano. Kitanzi cha nyuma ni kile chenye nundu kama punje ya mchele, na unapokifuma uzi unakaa mbele, upande wako. Ukigeuza kazi, cha mbele kinakuwa cha nyuma na cha nyuma kinakuwa cha mbele, hilo mnalijua.

Msuko ni vitanzi vya mbele vinavyopishana. Uwanja ni vitanzi vya nyuma vilivyo kandokando yake, ndivyo vinavyofanya msuko uinuke kama mlima. Sindano ya msaada ni kijiti kifupi cha kushikilia vitanzi vinavyongoja zamu yao.

Mfano wetu utakuwa msuko wa vitanzi sita, vitatu kupita juu ya vitatu. Unahamishia vitatu vya kwanza kwenye sindano ya msaada bila kuvifuma, unafuma vitatu vinavyofuata, halafu unarudi kufuma vile vilivyongoja. Sindano ya msaada ikining'inia mbele ya kazi, msuko utalala kwenda kushoto. Ikikaa nyuma ya kazi, utalala kulia. Uandike mahali, kwa sababu huko juu ya mgongo wa sweta ukichanganya, tutakutana tena katika sehemu ya kufumua.

Kwa nini tundu liko kushoto?

Chukua sweta yoyote ya misuko iliyofumwa kwa mkono, hata ya mtumba, hii ambayo wenyeji wanaita kaunjika. Itazame upande wa mbele. Mara nyingi utaona ukingo wa kulia wa msuko umekaza vizuri, na ukingo wa kushoto ndio wenye vitanzi vikubwa, vinyonge, na uwazi kati yake na uwanja. (Kwa anayefumia mkono wa kushoto ni kinyume.) Ukiona upande mmoja tu unalegea, mkono hauna kosa. Mkono mbaya ungelegeza pande zote.

Sababu ni njia ya uzi. Unapotoka uwanjani kuingia kwenye msuko, yaani kutoka kitanzi cha nyuma kwenda cha mbele, uzi unapita njia fupi. Unapotoka kwenye msuko kuingia uwanjani, uzi uliokuwa nyuma unapaswa kupita katikati ya sindano mbili uje mbele, halafu uzunguke juu ya sindano. Njia hiyo ni ndefu kidogo, labda kwa upana wa punje ya mtama. Lakini uzi huo wa ziada lazima ukae mahali, na unakaa kwenye kitanzi cha mwisho cha msuko.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawajaliona. Ukigeuza kazi na kurudi upande wa ndani, unaanza kwa uwanja wa pili, unaufuma kwa vitanzi vya mbele, kisha unaingia kwenye msuko kwa vitanzi vya nyuma. Yaani tena unatoka mbele kwenda nyuma, tena njia ndefu, na ukitazama uko wapi: uko ukingo ule ule wa kushoto! Mstari wa kwenda unalegeza hapo, na mstari wa kurudi unalegeza hapo hapo. Ukingo wa kulia haupati kitu cha ziada hata mara moja. Ndiyo maana vitundu vinapanda kwa mstari mmoja kama ngazi.

Kuvuta, lakini kwa wakati wake

Kila mtu anashauriwa avute uzi. Wanavuta, na bado tundu lipo, kwa sababu wanavuta mapema. Ukimaliza kitanzi cha mwisho cha msuko ukavuta papo hapo, kitanzi kinakaza, lakini bado uzi haujapita ile njia ndefu. Ukishapita, unalegeza tena.

Fanya hivi. Maliza msuko. Leta uzi mbele. Fuma kitanzi cha kwanza cha uwanja kama kawaida. Sasa ingiza ncha ya sindano kwenye kitanzi cha pili cha uwanja, na kabla hujazungusha uzi, vuta. Uvutaji wa hapo unafika nyuma mpaka kwenye kitanzi kile kinyonge cha msuko, na ncha iliyoingia inashikilia kisirudi. Fuma cha pili, vuta tena kidogo kabla ya cha tatu. Basi. Baada ya hapo rudi kwenye mkono wako wa kawaida. Kwenye mstari wa kurudi fanya vile vile: ukishafuma kitanzi cha kwanza cha msuko, vuta ncha ikiwa ndani ya kile cha pili.

Usivute kama unafunga mbuzi. Ukikaza kupita kiasi, msuko utakapofika zamu ya kupishana vitanzi havitapanda kwenye sindano ya msaada, na uzi dhaifu utakatika.

Kwa wengine hiyo peke yake inatosha. Kama haitoshi, iko dawa ya pili, na mimi naiona bora, ingawa inataka akili iwe hapo hapo. Kitanzi cha kwanza cha uwanja, kile kinachofuata msuko, kizungushie uzi kinyume. Kwa kawaida kwenye kitanzi cha nyuma uzi unapita juu ya sindano na kushuka. Safari hii acha uzi upite chini ya ncha, sindano iukwangue kutoka juu na kuutoa. Njia inakuwa fupi, na uzi wa ziada haupatikani kabisa.

Ila kitanzi kilichofanywa hivyo kinakaa kwenye sindano kimegeuka, mguu wake wa mbele umekwenda nyuma. Utakapokirudia kwenye mstari wa kurudi, ukikifuma kwa kawaida kitajikunja shingo. Kwa hiyo kifume kwa kuingiza sindano kwenye ule mguu wa nyuma, nacho kinanyooka. Ukisahau mara moja hakuna msiba, kitanzi kimoja kilichojikunja uwanjani hakionekani. Ukisahau kila mara, utaona mstari wa mafundo.

Kuna wanaokikunja makusudi kile kitanzi cha mwisho cha msuko, wakikifuma kwa mguu wa nyuma ili kikaze. Kwenye ukingo wa kiunoni na mikononi, pale penye mistari ya mbele na nyuma kwa kupishana, inapendeza. Kwenye msuko wenyewe siipendi, kwa sababu V moja inakuwa tofauti na nyingine tano, na jicho la mteja linakwenda hapo.

Tundu la pale penye kupishana

Hili ni tundu lingine, msilichanganye na lile la kwanza. Linatokea kwenye mstari wa kupishana tu, upande mmoja au pande zote mbili za msuko, na likishakuwa kubwa hata kidole cha mtoto kinaingia. Sababu yake ni kwamba vitanzi vitatu vimetolewa nafasi yake na kupelekwa mbali. Kitanzi cha nne sasa kinafumwa kikiwa jirani na uwanja, wakati mguu wake bado uko mbali. Lazima kitu kinyooke.

Hapa kuvuta kunasaidia: kitanzi cha kwanza unachofuma baada ya kuweka sindano ya msaada, kikaze vizuri, sogeza sindano zako zikaribiane, ndipo uendelee. Kinachofuata baada ya kurudisha vile vilivyongoja, nacho vivyo hivyo. Lakini mara nyingi tatizo liko kwenye vitu vitatu vingine.

Cha kwanza ni sindano ya msaada yenyewe. Ikiwa nene kuliko sindano zako, inapanua vitanzi vinavyongoja, na vikipanuka havirudi. Iwe nyembamba. Spoku ya baiskeli, ambayo kwa kawaida ina unene wa milimita 2 hivi, inafaa sana hapa: ikate kama urefu wa kidole, isugue ncha zote mbili kwenye jiwe mpaka zisikwaruze. Wengi wetu tulijifunza kufuma kwa spoku mbili, nazo kwa uzi mwembamba wa nguo za mtoto ni nzuri. Kwa uzi mnene wa sweta ni nyembamba mno, kitambaa kinakuwa kigumu kama kapu. Hapo ni heri mianzi uliyochonga mwenyewe, ukaisugua kwa msasa na kuipaka nta ya mshumaa.

Cha pili ni kupishanisha mapema mno. Kanuni ya wafumaji wengi ni kwamba msuko wa vitanzi 6 upishane kila baada ya mistari 6, na wa vitanzi 8 kila baada ya mistari 8. Ukiongeza mistari 2 msuko unalegea kidogo na kupumua, na matundu yanapungua. Ukipunguza, ukapishanisha vitanzi 6 kila mistari 4, unavinyima urefu wa kufika upande wa pili, navyo vinararua uwanja. Kuhesabu mistari wakati mtoto analia na maji ya bomba yanaisha zamu si rahisi. Weka maharage sita kwenye kopo, kila mstari hamisha punje moja kwenye kopo jingine. Kopo likiwa tupu, pishanisha.

Cha tatu ni uzi. Sufu ya kweli ina mnyumbuko, inanyooka halafu inarudi na kuziba nafasi. Pamba hainyumbuliki, na nailoni inateleza. Msuko mpana wa vinne juu ya vinne kwa uzi wa pamba utakuwa na matundu hata ukifumwa na fundi wa mafundi. Kwa pamba tumia vitanzi viwili juu ya viwili, mwisho vitatu juu ya vitatu.

Uzi wa kaunjika

Wengi wetu hatununui uzi mpya. Tunanunua sweta kuukuu kwenye kaunjika na kuifumua, na hiyo ni akili nzuri. Ila kabla hujalipa, igeuze ndani utazame mishono ya ubavuni. Kama kingo zimekatwa na kufungwa kwa mashine ya ovaloki, iache. Kila mstari ulikatwa pembeni, utapata vipande vifupi na kuunganisha mafundo mpaka uchoke. Tafuta ile ambayo kila kipande kina ukingo wake mzima na kimeunganishwa kwa mshono wa uzi. Ukiukata mshono, kipande kinafumuka toka juu mpaka chini kwa uzi mmoja.

Kama hujui ni sufu au ni plastiki, choma kipande kidogo. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Plastiki inayeyuka na kuacha shanga ngumu. Fanya hivyo nje, watoto wakiwa mbali.

Uzi uliofumuliwa umejikunja kama tambi. Wengine wanaufuma hivyo hivyo, na hapo hata mbinu zote za juu hazisaidii, kwa sababu kila mkunjo unafanya kitanzi kimoja kikubwa na jirani yake kidogo. Uzungushe kwenye miguu ya kigoda upate fungu, lifunge kwa kamba sehemu nne, lichovye kwenye maji vuguvugu kwa nusu saa, likamue taratibu bila kusugua, kisha litundike na kitu kidogo chenye uzito chini yake, chupa ya maji inatosha. Likikauka uzi umenyooka.

Ukikosea njia ya msuko

Hapa ndipo watu wanalia. Umefuma mistari kumi na zaidi, unaiweka sweta magotini kuitazama, kumbe msuko mmoja uliupeleka kulia wakati wenzake wote wanakwenda kushoto. Watu wanafumua sweta nzima. Hakuna haja! Utafumua vile vitanzi sita tu, uwanja na misuko mingine ibaki palipo.

Fanya mchana, penye mwanga, na watoto wadogo wapelekwe kwa jirani. Fuma mpaka ufike mbele ya msuko wenye kosa, ukiwa upande wa mbele. Uwanja wa kulia na wa kushoto utie pini za usalama visitoroke. Toa vitanzi sita vya msuko kwenye sindano na uviachie vifumuke, mstari kwa mstari, mpaka umeufumua na ule mstari wa kupishana wenye kosa. Utatisha kuangalia: chini kuna vitanzi sita, na juu yake nyuzi zimelala wazi kama ngazi, uzi mmoja kwa kila mstari uliofumua. Usiogope, uzi ule uko pale pale na unatosha.

Shika vile vitanzi sita kwa spoku fupi iliyochongoka pande mbili. Vipishanishe sawasawa safari hii, kwa sindano ya msaada. Kisha chukua uzi wa chini kabisa katika ile ngazi, ndio wa mstari huo, na ufume vitanzi sita toka kulia kwenda kushoto. Usigeuze kazi. Visukume vitanzi virudi mwanzo wa spoku, chukua uzi unaofuata kwenda juu, fuma tena toka kulia, vyote vitanzi vya mbele. Endelea hivyo, uzi mmoja mstari mmoja, bila kuruka hata mmoja. Kama katikati kuna mahali pengine pa kupishana, pishanisha kwa zamu yake. Ukifika juu, rudisha vitanzi kwenye sindano yako, toa pini, endelea na kazi.

Mstari wa kwanza na wa pili utaona uzi ni mfupi, na ya juu utaona umezidi. Hiyo ni kawaida, mkono wako wa leo si wa juzi. Tutausawazisha mwishoni.

Kitanzi kimoja kikidondoka peke yake, ni rahisi zaidi. Chukua kroshia, au waya mwembamba uliopindwa ncha. Ingiza kwenye kitanzi kutoka mbele, shika uzi wa ngazi ulio juu yake, uvute upite ndani, na panda hivyo mpaka juu. Kama kitanzi ni cha uwanja, geuza kazi, ukifanye kutoka upande wa ndani ambako kinaonekana kama V.

Anayefuma kazi kubwa kwa mara ya kwanza, namshauri aweke kamba ya uhai. Kila baada ya kupishana, pitisha uzi wa rangi nyingine kwa sindano butu ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano, na uuache humo. Lolote likitokea juu, kazi haitafumuka kupita uzi ule. Mwisho unauvuta tu unatoka.

Kusawazisha na kuosha

Sweta imekwisha na bado kuna vitanzi vilivyolegea. Usikimbilie kushona. Chukua ncha butu, tafuta kitanzi kikubwa, vuta mguu wake mmoja kidogo kuelekea kwa jirani. Kisha mguu wa jirani kuelekea kwa jirani yake, na kuendelea hivyo vitanzi vitano au sita. Uzi wa ziada unagawanywa kwa wengi, hakuna anayeuona tena. Fanya upande wa kulia na wa kushoto wa tundu. Mstari mzima wa msuko unaweza kuchukua jioni mbili za namna hiyo, lakini sweta iliyokuwa inarudishwa inauzika.

Halafu ioshe. Kwa sweta ya sufu, maji vuguvugu, sabuni kidogo, usisugue wala usikamue kwa kusokota. Ilaze juu ya mkeka kivulini, inyooshe kwa vipimo vyake, misuko uibane kwa vidole isimame. Matundu madogo mengi yanajifunga yenyewe hapo. Ya plastiki haibadiliki sana kwa maji, na msiipige pasi ya moto, inalala na kung'aa na hairudi tena.

Tundu lililokataa yote hayo, lifunge kwa uzi ule ule kutoka ndani. Shika nundu moja ya upande huu, nundu moja ya upande wa pili, rudi, kwa njia ya namba 8, halafu ficha ncha. Usivute mpaka pakunjamane.

Nijibu na swali ambalo akina mama wanauliza kila mara: kwa nini sweta ya misuko inatoka nyembamba kuliko vipimo? Kwa sababu kupishana kunabana. Msuko wa vitanzi 6 unachukua nafasi ya takribani vitanzi 4 vya kawaida. Kwa hiyo sweta yenye misuko minne inataka vitanzi kama 8 zaidi. Viongeze mara baada ya ukingo wa kiunoni, chini ya kila msuko, viwili viwili, na uvipunguze hapo hapo juu mwishoni, la sivyo ukingo utapanuka kama sketi. Ni afadhali kuanza na kipande cha kujaribu: vitanzi 18, sita vya uwanja, sita vya msuko, sita vya uwanja, mistari 30. Ukingo wa kushoto ukiwa safi hapo, anza sweta.

Mtu aliniuliza misuko hii imetoka wapi. Inayojulikana zaidi duniani ni ile ya visiwa vya Aran, magharibi mwa Ayalandi, na sweta zile si za zamani sana kama watu wanavyosimulia. Zilianza kupata sura yake mwanzoni mwa karne ya 20. Wanasema kila ukoo ulikuwa na msuko wake ili wavuvi waliozama watambuliwe. Hiyo ni hadithi. Inaelekea ilikua kutokana na tamthilia ya Synge, Riders to the Sea ya mwaka 1904, ambamo dada anaitambua soksi ya kaka yake aliyekufa maji. Hakuitambua kwa mtindo wa ukoo. Alihesabu vitanzi alivyoanza navyo, na akakumbuka vile alivyovidondosha.

Na akina papa wanaosema sindano ni za wanawake: katika kisiwa cha Taquile, ziwa Titicaca huko Peru, wanaume ndio wanaofuma, na vijana wa kiume wanajifunza wakiwa wadogo. Spoku zipo, na baiskeli za kuzitoa ni zenu.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kuunganisha mikono ya sweta kwenye mabega bila kubana makwapa. Mwenye kipande chake cha majaribio akiweke, tutakitumia.